Barua ya wazi kwa wanaohesabu dawa: sisi tuliorudi mikono mitupu tumeandikwa wapi?

Kwenu waheshimiwa mnaosimamia dawa za umma, kuanzia wizarani na TAMISEMI (ofisi ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) hadi ofisi za waganga wakuu wa wilaya,

Shikamooni mnaostahili shikamoo. Wale niliowafundisha, na najua wamo humo maofisini, nawaitikia marahaba kabisa. Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha hisabati darasa la tano hadi la saba katika shule za mkoa huu wa Dodoma kwa miaka 35, na sasa nina robo eka ya zabibu na shamba la uwele katika kijiji kimoja cha wilaya ya Chamwino, upande wa barabara ya Iringa. Ni mjumbe wa kamati ya afya ya kituo chetu. Tena ni mgonjwa wa presha tangu mwaka 2016. Naandika kwa kalamu, mjukuu atachapa kwenye simu, kwa hiyo makosa ya herufi ni yake na makosa ya hesabu yatakuwa yangu.

Jina la kituo sitalitaja. Binti anayegawa dawa pale ni mtu mwema na anafanya kazi ya watu watatu. Nikikitaja leo, kesho ataandikiwa barua ya kujieleza yeye, wakati anayestahili kujieleza hatujamjua.

Kliniki ya presha kwetu ni Alhamisi. Tunafika saa moja asubuhi, tunakaa chini ya mwarobaini, tunapimwa mmoja mmoja. Mimi natumia amlodipini ya miligramu 10 na losatani ya miligramu 50, kila siku ya Mungu. Nikizipata zote mbili presha yangu inacheza kwenye 138 kwa 84, na tabibu ananipongeza kama mtoto aliyefaulu. Kisha naenda dirishani, na hapo ndipo pongezi zinapoishia.

"Amlodipini ipo, mwalimu. Losatani hamna. Kanunue nje."

Nikauliza itakuja lini. Akasema hajui, wameagiza. Mwezi uliofuata ikawa hivyo hivyo, na uliofuata tena. Miezi mitatu mfululizo.

Naomba nisimame kidogo kwenye neno hili "nje", maana mkiwa mjini huenda mnalisikia tofauti na sisi. Mjini, nje ya hospitali kuna famasi nne mtaa mmoja. Kwetu, nje ya kituo kuna mwarobaini, bodaboda wawili na mama muuza vitumbua. Duka la dawa muhimu tunalo moja, na mwenyewe ni mwaminifu: ananiambia kibali chake kina orodha yenye mipaka, si kila dawa anaruhusiwa kuuza. Kwa hiyo "nje" yetu ni Dodoma mjini. Nauli kwenda na kurudi inanigharimu shilingi 8,000, na pakiti moja ya vidonge 10 niliuziwa shilingi 3,000. Nahitaji pakiti tatu kwa mwezi. Jumlisheni wenyewe, 17,000, kabla sijanywa hata maji. Hapo nazungumzia mtu mwenye pensheni. Wenzangu wengi pale chini ya mwarobaini mapato yao ni debe la karanga na kuku watatu.

Sasa niwaeleze kinachotokea kati ya dirisha na nyumbani, kwa sababu taarifa zenu zinaishia dirishani.

Cha kwanza ni kuvutavuta. Mtu mwenye vidonge kumi anaamua vimfikishe siku ishirini, anameza leo, kesho anaruka. Jirani yangu, mzee wa watu, alikuwa akifanya hivyo na akijisifu kwamba ana akiba. Nilimuuliza tabibu kama kuna ubaya. Akaniambia dawa hazifanani: amlodipini hukaa mwilini muda mrefu, ukisahau siku moja hauanguki papo hapo, lakini nyingine zinakwisha nguvu haraka, na ziko zile za kupunguza mapigo ya moyo, kama atenolo, ambazo ukizikata ghafla moyo unaweza kukugeukia vibaya. Mgonjwa hajui yake ni ipi kati ya hizo. Anajua tu ni cheupe na cha duara. Jirani yangu alipata kiharusi mwezi wa kumi, asubuhi, akiwa anafungulia mbuzi. Siwezi kuapa kwamba ni kwa sababu ya vidonge alivyoruka, mimi si daktari. Ninachojua ni kwamba siku hiyo pakiti yake ilikuwa na vidonge vinne vilivyotakiwa kuwa vimekwisha wiki iliyopita.

Cha pili ni kuazimana. "Una presha, nami nina presha, nipe vyako nitakurudishia." Hapa naomba muamini mjumbe wa kamati: niliwahi kumkuta mama mmoja akimgawia mkwe wake losatani, binti ana mimba ya miezi mitano na miguu imevimba. Roho nzuri kabisa, mama mkwe anajinyima. Bahati nzuri tulikuwa na mkunga karibu, akampokonya kile kidonge mkononi. Losatani na ndugu zake zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mjamzito ana dawa zake, kama methilidopa. Yule mama hakuwa mjinga. Alikuwa anajaza nafasi iliyoachwa wazi na mfumo.

Cha tatu ni mimi mwenyewe, na nasimulia kwa aibu. Mwezi wa pili wa ukosefu nilikwenda mjini. Losatani ya kawaida nilikuta imeisha kwenye famasi mbili. Ya tatu, kijana akanipa pakiti yenye jina lile lile na herufi moja imeongezwa mwishoni, akaniambia, "Ni ile ile mzee, hii ina nguvu zaidi." Mwalimu mzima nikakubali. Usiku ule nilikwenda chooni mara tano. Niliporudi kituoni daktari akasoma karatasi: losatani imechanganywa na dawa ya kuongeza mkojo. Si dawa mbaya, akasema, wagonjwa wengine wanaandikiwa hiyo hiyo na inawafaa, ila anayekuandikia anapaswa kujua figo zako na chumvi za damu yako zikoje, na umeze asubuhi, siyo usiku kama mlo wa kulalia. Mimi nilikuwa nimebadilishiwa matibabu na kijana wa kaunta ambaye hata cheti changu hakukiangalia mara mbili.

Wiki tatu bila losatani kabisa, presha yangu ilisoma 172 kwa 104. Nilikuwa najisikia vizuri tu. Huo ndio ubaya wa ugonjwa wetu, hauumi. Malaria ikikosa dawa mtu anatetemeka na kijiji kizima kinaona. Presha ikikosa dawa mtu anapalilia shamba.

Bila shaka tunajisaidia. Tunakunywa choya, ile rozela nyekundu, maana kwetu inastawi na watu wanasema inashusha. Huenda ikashusha kidogo, sibishani, lakini mwenye 172 hashushwi na glasi ya choya. Tumepunguza chumvi pia, tumefundishwa isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha vyakula vyote. Ila kuna jambo sijawahi kulisikia kwenye somo lolote la kliniki, nalo ni magadi. Mlenda wetu sisi Wagogo bila magadi haulainiki, na magadi nayo ni sodiamu ile ile mnayotukataza kwenye chumvi. Bibi anaacha chumvi kwa uaminifu, kisha anatia magadi kwenye mlenda mchana na jioni, na hakuna aliyemwambia. Nimelichomeka hapa kwa wale wanaoandaa mabango ya elimu ya afya. Turudi kwenye dawa.

Hesabu ndiyo iliyonifanya niandike. Kama mjumbe wa kamati nimekuwepo dawa zikipokelewa, nimehesabu maboksi, nimetia saini. Nimeliona daftari. Nikaona kitu ambacho kingemfanya mwanafunzi wangu wa darasa la sita anyooshe mkono.

Tuchukue mfano, namba ni za darasani. Kituo kina wagonjwa 120 wanaotumia kidonge kimoja cha losatani kila siku. Kwa siku 60, tuseme ndio mzunguko mmoja wa kuletewa dawa, wanahitaji 120 mara 60, yaani vidonge 7,200. Vikaletwa 4,000. Vikagawiwa vyote, vikaisha siku ya 33. Siku 27 zilizobaki dirisha linasema hamna. Mwisho wa mzunguko daftari linaonyesha nini? Limepokea 4,000, limetumia 4,000, baki sifuri. Wastani wa matumizi kwa mwezi: 2,000. Anayepanga ombi la mzunguko ujao akiangalia "matumizi" tu, anaona kituo kinahitaji 2,000 kwa mwezi, wakati wagonjwa wanahitaji 3,600. Anaagiza kwa 2,000. Zikija pungufu kidogo, matumizi yanashuka tena, na ombi linashuka tena. Upungufu unajiandikia cheti chake wenyewe.

Njia ya kurekebisha inajulikana, na najua wataalamu wenu wa ugavi wameisomea: gawanya kilichotumika kwa siku ambazo dawa ilikuwepo, siyo kwa siku zote. Vidonge 4,000 gawanya kwa siku 33, zidisha kwa 60. Unapata kama 7,270, karibu kabisa na mahitaji ya kweli. Lakini kanuni hiyo inataka mtu aandike ni siku ngapi rafu ilikuwa tupu, na aandike kwa uaminifu, na aliye juu asimgombeze kwa kuandika. Kwetu nilipouliza siku hizo zimeandikwa wapi, nilionyeshwa nafasi nyeupe.

Nasi tulioambiwa tukanunue nje, hatumo popote. Nilipanda basi, nikatoa elfu 17, nikameza dawa yangu, na kwenye hesabu za serikali mwezi ule mimi sikuwa mgonjwa. Aliyevutavuta hayumo. Aliyekata tamaa akaacha kuja kliniki ndiye mbaya zaidi, maana sasa hata orodha ya mahudhurio inasema wagonjwa wamepungua, na kuna mtu mahali fulani huenda anaiita hiyo ni mafanikio.

Msiniambie haiwezekani kuhesabu watu badala ya vidonge, kwa sababu inafanyika pale pale, chini ya paa moja. Nyuma ya chumba cha presha kuna kliniki ya CTC, ya wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Kila anayetumia dawa za kufubaza virusi ana kadi, namba, tarehe ya kurudi, na aliyetulia anapewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Asipotokea, anatafutwa. Najua mtanijibu kwamba dawa zile zinalipiwa kwa kiasi kikubwa na wafadhili, ni kweli, na presha haina mfadhili. Lakini kadi na daftari havihitaji mfadhili. Sisi tuliotulia, presha iko sawa miezi na miezi, bado tunafuata vidonge 30 kila mwezi, wakati hata Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2021 linasema mgonjwa aliyedhibitiwa anaweza kuonwa kila baada ya miezi mitatu hadi sita.

Kuna suala la fedha, nalo nitalisema kwa ufupi kwa kuwa mnalijua kuliko mimi. Dodoma hii ndiyo iliyoanza mfumo wa mshitiri mwaka 2014, ule wa Jazia, kabla haujasambaa nchi nzima: Bohari ya Dawa ya serikali ikikosa dawa, kituo kinapata kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, kwa bei iliyokubaliwa. Jambo zuri, nami najivunia kwamba limezaliwa kwetu. Ila mshitiri analipwa kutoka kwenye akaunti ya kituo, na akaunti hiyo inajazwa kwa sehemu na uchangiaji wa wagonjwa na CHF, mfuko wa afya ya jamii. Sasa wagonjwa wa presha ni akina nani? Wengi ni wazee wa miaka 60 na kuendelea, ambao Sera ya Wazee ya mwaka 2003 inataka wasiojiweza watibiwe bure. Ni sawa, ni haki. Lakini bure ya mzee lazima kuna mtu anailipa. Tukimwachia kituo ailipe mwenyewe, kila mzee mwenye presha anakuwa hasara kwenye akaunti, na mkuu wa kituo akibanwa ataagiza kwanza dawa za wanaolipa. Sijasema kwetu wamefanya hivyo. Nasema hesabu inawasukuma huko. Mnapotekeleza Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa humu humu Dodoma mwaka 2023, naomba mtu mmoja mezani aulize swali hili kwa sauti: kadi ya mzee itaingiza shilingi ngapi kwenye akaunti inayonunua losatani yake?

Ninayoyaomba ni machache. Daftari la presha lenye jina, dawa na kipimo cha kila mgonjwa, na maombi ya dawa yaanzie hapo. Pembeni yake daftari jembamba, hata kaunta buku la kwaya moja, la walioambiwa hamna: tarehe, dawa, vidonge vingapi. Likipelekwa wilayani pamoja na ombi, mtatuona.

Halafu mtuambie mapema. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu halina gharama. Mgawa dawa anaona boksi la mwisho likifunguliwa. Anajua, akiwa na wagonjwa 120 na vidonge 1,200, kwamba ana siku kumi. Siku hiyo hiyo atangaze: kwenye ubao wa kijiji, msikitini Ijumaa, kanisani Jumapili, kwa mwenyekiti wa kitongoji. Aliye na siku kumi anaweza kuuza kuku, anaweza kumtuma mtoto anayekwenda mjini, anaweza kurudi kwa daktari abadilishiwe dawa kwa utaratibu na apimwe baada ya wiki mbili. Aliyeambiwa dirishani, akiwa amebakiwa na kidonge kimoja mfukoni, hana la kufanya ila yale niliyoyasimulia.

Na pale dawa inapokosekana kweli, mgonjwa asitoke kituoni na neno "hamna" peke yake. Arudishwe chumba cha daktari, siyo getini. Daktari aandike mbadala uliopo, aandike jina kamili na miligramu kwa herufi zinazosomeka, amwambie asichukue mchanganyiko asioandikiwa, asiongeze kidonge kesho kufidia alichokosa leo, arudi lini kupimwa. Dakika tano. Mara moja tu katika ile miezi mitatu nilifanyiwa hivyo, na daktari kijana aliyekuwa amekuja kushika nafasi ya mwenzake.

Jambo la mwisho, nililigundua kwa bahati tu. Katika mwezi wa tatu wa ukosefu wetu, shemeji yangu aliye tarafa nyingine alinipigia simu kwamba kituo chao kina losatani nyingi, wagonjwa wachache, na boksi mbili zinakaribia kuisha muda. Ni safari ya saa moja kwa pikipiki. Hakuna aliyejua kule kuna ziada na huku kuna njaa, ila mimi na shemeji yangu, tena kwa sababu tulikuwa tunazungumzia posa ya kijana wake. Ofisi ya wilaya inapokea taarifa za vituo vyote viwili.

Kutoka hapa nilipoketi hadi Mji wa Serikali pale Mtumba ni basi moja na bodaboda moja. Nikiitwa nitakuja na daftari langu, nimeanza kuandika walioambiwa hamna kila Alhamisi, kwa ruhusa ya kamati na bila majina. Leo ninapofunga barua hii, losatani ninayo vidonge 9. Kliniki ijayo ni siku 14 mbele. Nimemuuliza binti wa dirishani, akasema wameagiza.

Zimepungua 5. Nimeshaweka nauli pembeni.

Wenu,
Mwalimu mstaafu na mjumbe wa kamati ya afya,
Chamwino, Dodoma